Je, wajua kwa nini Sansa Stark wa runinga aliolewa na mtu ambaye Sansa wa kitabuni hajawahi hata kumwona?

Tuanzie kwenye harusi yake ya kwanza. Sansa Stark, binti wa Ned Stark, bwana wa Kaskazini, anaozwa kwa Tyrion Lannister bila kuulizwa, mbele ya watu waliomuua baba yake. Bwana harusi ni mtu mfupi sana, na desturi ya nchi ile inamtaka amvike bibi harusi joho la ukoo wake mabegani. Kwenye tamthilia ya Game of Thrones, msimu wa tatu, kimewekwa kigoda ili apande. Mfalme Joffrey anakibeba kigoda na kuondoka nacho makusudi, ukumbi unacheka, Tyrion anamwomba Sansa kwa sauti ya chini, na Sansa anapiga magoti.

Kwenye riwaya hakuna kigoda. Tyrion anamvuta gauni mara ya kwanza, anamvuta tena, na Sansa anasimama wima kama hajahisi kitu. Moyoni anajiuliza kwa nini ajali hisia za huyu mtu wakati zake yeye hakuna anayezijali. Mwishowe Dontos, mchekeshaji wa ikulu, anainama chini kwa mikono na magoti, na bwana harusi anapanda mgongoni kwake mbele ya wote. Sansa anapogeuka na kuiona sura ya mume aliyepewa, ndipo aibu inamshika. Hapo ndipo anapopiga magoti, kwa hiari yake.

Tukio ni moja, wasichana ni wawili. Wa runinga anatii na kuhurumia. Wa kitabuni anagoma kwa njia pekee aliyobakiwa nayo, kisha anajutia mgomo wake palepale. Na ukitafakari utaona kwa nini waandaaji waliogopa kuliweka jinsi lilivyo. Bila kusikia kinachopita kichwani mwake, mtazamaji angeona msichana mrembo anayemdhalilisha mlemavu hadharani, basi. Mgomo wake ungekosa wa kuueleza.

Huo ndio mwanzo wa jibu la swali letu. (Kama hujamaliza kuangalia tamthilia hii au unavisoma vitabu sasa hivi, ujue kuanzia hapa nitataja mengi yaliyotokea.)

Vitabu vyenyewe ni vya George R. R. Martin wa Marekani. Cha kwanza, A Game of Thrones, kilitoka mwaka 1996, vikafuata vya 1998, 2000, 2005 na 2011, na cha sita wasomaji bado wanakingoja. HBO ilianza kurusha tamthilia Aprili 17, 2011 na kuimaliza Mei 19, 2019, misimu 8 na sehemu 73, chini ya David Benioff na D. B. Weiss. Sansa aliigizwa na Sophie Turner, aliyezaliwa mwaka uleule kitabu cha kwanza kilipotoka. Kwenye kitabu Sansa anaanza akiwa na miaka 11. Waandaaji walimpandisha hadi 13.

Martin anaandika kwa namna ya pekee. Kila sura ina jina la mhusika mmoja juu yake, na ukiingia kwenye sura hiyo unaona kwa macho ya huyo tu na kusikia mawazo ya huyo tu. Sansa ana sura 24 katika vitabu vyote vilivyochapishwa, na nyingi kati ya hizo ukizitazama kwa nje hazina vitendo. Amekaa. Anasubiri. Anasema “ndiyo, bwana wangu” huku moyoni akisema mengine kabisa. Adabu ndiyo ngao yake, na msomaji peke yake ndiye anayeona mkono ulioishika ngao hiyo.

Waliokulia Dar es Salaam wakiangalia mikanda iliyotafsiriwa wanalijua pengo hili vizuri. Mtafsiri kama Lufufu hakuishia kutafsiri maneno. Alikueleza pia huyu anawaza nini, yule amebeba kinyongo gani, na kwa nini mtu kanyamaza. Kamera inakupa uso. Ya moyoni lazima mtu akusimulie. Tamthilia ya HBO haikuwa na sauti ya msimulizi, kwa hiyo kila kilichokaa kichwani mwa Sansa kilitakiwa kigeuzwe kuwa tendo, au mazungumzo, au kiachwe kabisa. Sehemu kubwa kiliachwa. Mfano ni lile kosa lake zito la kitabu cha kwanza, pale anapokwenda kwa Malkia Cersei kumweleza kwamba baba anataka kuwarudisha nyumbani, kwa kuwa hataki kuachana na mchumba wake, Joffrey. Kwenye runinga halipo. Bila shaka kuliacha kulimpunguzia lawama za watazamaji, lakini kulimpunguzia pia safari, maana binti wa kitabuni anatoka mbali sana kuliko yule tunayemwona kwenye kioo.

Sasa tuje kwenye badiliko kubwa. Baada ya Mfalme Joffrey kuuawa kwa sumu, Petyr Baelish, yule mjanja wa ikulu wanayemwita Littlefinger, anamtorosha Sansa hadi Vale, nchi ya milima mashariki. Mpaka hapo kitabu na runinga vinakwenda pamoja. Msimu wa tano ulipoanza mwaka 2015, njia ziliachana. Sansa wa runinga anachukuliwa na Littlefinger na kupelekwa Winterfell, nyumbani kwao alikozaliwa, kuolewa na Ramsay Bolton, mtoto wa mtu aliyemuua kaka yake. Usiku wa harusi anabakwa, na Theon aliyelelewa naye nyumba moja analazimishwa kusimama na kuangalia. Sehemu hiyo ilirushwa Mei 17, 2015 na hasira iliyoamka ilikuwa kubwa. Seneta wa Missouri, Claire McCaskill, alitangaza hadharani kwamba yeye na tamthilia hiyo basi.

Sansa wa kitabuni muda huo bado yuko Vale. Nywele zake nyekundu zimepakwa rangi ya kahawia, anaitwa Alayne Stone, na watu wanaamini kuwa ni binti wa nje ya ndoa wa Littlefinger. Anaendesha nyumba, anamtuliza mtoto mgonjwa anayeitwa bwana wa Vale, na anajifunza siasa kwa kumtazama mwalimu mbaya akifanya kazi. Mpango ni kumwoza kwa Harrold Hardyng, mrithi wa nchi ile. Kitabu cha 2005 kinafanya jambo ambalo mimi nalipenda sana: sura yake ya kwanza humo ina kichwa “Sansa”, zinazofuata zimeandikwa “Alayne”. Jina la uongo limepanda mpaka juu ya ukurasa. Yeye na Ramsay Bolton hawajawahi kuonana.

Basi nani aliolewa na Ramsay kitabuni?

Anaitwa Jeyne Poole. Ukisema hukumbuki mtu huyo kwenye tamthilia, hujakosea, kwa sababu hakupewa nafasi ya maana. Ni binti wa msimamizi wa nyumba ya akina Stark, rafiki wa Sansa, rika lake, mtoto wa kucheka kona kwa kona. Baba yake anauawa watu wa Stark wanapochinjwa jijini, na yeye anafungiwa chumba kimoja na Sansa akilia mfululizo mpaka Malkia anachoka. Hapo Littlefinger anasema atamtafutia pa kwenda. Ni sentensi moja tu, katika kitabu cha 1996. Jeyne anaondoka chumbani na kutoweka kwenye hadithi, na msomaji anamsahau, kama Sansa mwenyewe anavyoelekea kumsahau.

Anarudi akiwa na jina la mtu mwingine. Lannister wanahitaji binti wa Stark wa kuwapa Bolton ili ndoa iwahalalishie utawala wa Kaskazini. Arya, mdogo wake Sansa, haonekani. Kwa hiyo wanamchukua Jeyne, ambaye kumbe Littlefinger alimweka kwenye danguro lake, wanamwambia kuanzia leo wewe ni Arya Stark, na wanamsafirisha. Mateso ya Winterfell ni yake. Theon anamtambua tangu mwanzo na hathubutu kusema. Kilio chake kinasikika kwenye kuta za ngome mpaka mmoja wa mabibi wa Kaskazini, Barbrey Dustin, anaonya kwamba machozi hayo yanawadhuru kuliko majeshi ya adui. Na nje huko, watu wa milimani wanatembea kwenye theluji mpaka kufa wakisema wanakwenda kumwokoa binti mdogo wa Ned. Wanakufa kwa ajili ya mtoto wa msimamizi wa nyumba. Hawajui, na sidhani kuna jambo lenye uchungu zaidi katika vitabu vyote vitano.

Tuangalie sasa waandaaji walikuwa wamekaa wapi. Umuhimu wa Jeyne ulikuja kuonekana kwa ukubwa wake katika kitabu cha tano, kilichotoka Julai 12, 2011. Msimu wa kwanza wa tamthilia ulikuwa umeshaisha Juni 19. Yaani wakati wa kumtafuta mwigizaji wa Jeyne na kumpa sura ambayo watazamaji wangeikumbuka, kitabu kilichomfanya astahili sura hiyo hakijafika madukani. Miaka minne baadaye wangelazimika kumleta msichana asiyejulikana na yeyote na kuwaomba watu wamlilie. Kitabuni unaweza kurudi nyuma maelfu ya kurasa ukamtafuta. Kwenye runinga mtu anauliza, huyu ni nani tena?

Halafu kulikuwa na tatizo la Sansa mwenyewe. Kitabu cha 2005 kina sura zake tatu. Cha 2011 hakina hata moja. Sophie Turner alikuwa mmoja wa waigizaji wakuu, anakua mbele ya kamera mwaka hadi mwaka, na hadithi yake ya kitabuni ilikuwa imebaki ukurasa mdogo sana. Bryan Cogman, mmoja wa waandishi wa tamthilia, alilieleza hivyo hivyo kwa waandishi wa habari mwaka ule: sura za Vale zilikuwa chache, na kumweka pembeni mhusika mkuu haikuwa njia waliyoitaka. Benioff naye alisema kuna kisa walichokipenda kitabuni, ila kilikuwa cha mhusika ambaye wao hawakuwa naye. Kwa hiyo palikuwa na mateso yasiyo na mtu, na mtu asiye na kisa. Wakaviunganisha.

Lakini haikuwa lazima. Msimu huohuo wa tano, Bran Stark, mdogo wake Sansa, hakuonekana hata mara moja, kwa kuwa hadithi yake ilikuwa imefika mwisho wa kitabu. Walimpumzisha mwaka mzima na watu walimngoja. Walipomchagua Sansa kwenda Winterfell walikuwa na sababu nyingine iliyo wazi kabisa: maumivu ya mtu unayemjua yanauma zaidi. Miaka minne tumemlea binti yule machoni petu. Ukimweka kwenye kitanda kile badala ya Jeyne, hakuna haja ya kumweleza mtu yeyote kwa nini ahuzunike.

Hesabu hiyo naielewa na siikubali. Maana yote ya kisa cha Jeyne imo katika kutojulikana kwake. Ni mtoto anayeteswa kwa sababu ya jina ambalo si lake, na anayeokolewa pia kwa sababu ya jina ambalo si lake. Angeteseka kwa jina la Jeyne, nani angetembea kwenye theluji? Swali hilo kitabu kinakuuliza bila kulitamka, na linakugeukia wewe uliyemsahau tangu kurasa za mwanzo. Ukimweka Sansa halisi mahali pake, swali linakufa. Panabaki binti wa Stark aliyeteswa na adui wa Stark, kisa cha kutisha, ndiyo, lakini kisa tulichokwisha kukiona kwa sura nyingine.

Na ukishahamisha mtu mmoja, wengine hawabaki walipokuwa. Mtazame Littlefinger. Kitabuni anamficha Sansa kama mtu anayeficha hati ya shamba, kwa kuwa ndiye ufunguo wa Kaskazini na anatafutwa kwa mauaji ya mfalme. Mtu huyu, anayejua siri za kila chumba cha ufalme, kwenye runinga anamkabidhi kwa Ramsay bila kumjua Ramsay ni mtu wa namna gani. Waandishi wenyewe walihisi ufa huo, ndiyo maana msimu wa sita Sansa anamweka Littlefinger kikaangoni: ulijua habari za Ramsay au hukujua? Kama hukujua, wewe ni mpumbavu. Kama ulijua, ni adui yangu. Swali zuri mno. Halijibiki, kwa sababu jibu la kweli liko nje ya hadithi: alimpeleka kwa kuwa tamthilia ilimhitaji huko.

Mabwana wa Kaskazini nao wakabadilika. Kitabuni wanachemka chini kwa chini kwa ajili ya yule Arya wa uongo. Kwenye runinga Sansa wa kweli, damu ya Ned Stark kabisa, yumo ndani ya Winterfell na karibu hakuna anayeinuka. Msimu unaofuata yeye na Jon Snow, aliyelelewa naye kama kaka yake, wanazunguka kuomba majeshi na kupata matone. Kisiwa cha akina Mormont kinawapa watu 62.

Haki nayo isemwe. Baadhi ya vilivyoota kwenye njia hiyo mpya vilikuwa vizuri, na vingine ni vya runinga peke yake. Pale Sansa na Jon wanapokutana kwenye ngome ya Castle Black msimu wa sita, baada ya miaka yote ile, wakakumbatiana bila neno, hakuna kitabu kilichowahi kunipa hilo. Kwenye vita vya kuikomboa Winterfell ni yeye aliyemwandikia Littlefinger na kuwaleta wapanda farasi wa Vale, akiwa amemficha Jon. Anamhukumu Littlefinger msimu wa saba. Anamaliza akiwa Malkia wa Kaskazini huru. Turner alikibeba kisa hicho kwa utulivu wa kuogofya, na binti zangu wa shangazi walioanza kwa kumchukia Sansa walimaliza wakiwa upande wake.

Kinachoniuma ni hesabu iliyowekwa chini ya ushindi huo. Msimu wa nane, Sandor Clegane, mlinzi wa zamani wa Joffrey aliyezoea kumwita kindege, anamwambia kwamba angeondoka naye zamani yasingemkuta hayo, na Sansa anajibu kwamba bila Littlefinger, Ramsay na wengineo angebaki kuwa kindege maisha yake yote. Wengi walilipinga jibu hilo, mwigizaji Jessica Chastain akiwemo, na nawaunga mkono. Sansa wa kitabuni anakua kwa kutazama, kukumbuka, kukosea na kupima maneno. Ukatili unamkuta, lakini haumfundishi. Sura moja ya kitabu cha sita ambayo Martin aliitoa mapema, Aprili 2015, mwezi uleule msimu wa tano ulipoanza, inamwonyesha Alayne katikati ya mashindano ya wapanda farasi ambayo wazo lake lilikuwa la kwake mwenyewe, akimgeuza Harrold aliyeanza kwa kumtukana. Hakuna aliyemvunja ili afike hapo.

Martin mwenyewe alisemaje? Alikuwa mtu wa runinga kabla ya vitabu hivi, akiandika The Twilight Zone na Beauty and the Beast miaka ya 1980, na aliandika sehemu moja kwa kila msimu kati ya minne ya kwanza ya Game of Thrones. Msimu wa tano hakuandika. Ghadhabu ilipochemka hakuwashambulia waandaaji. Aliuliza: Scarlett O'Hara alizaa watoto wangapi? Kwenye riwaya ya Gone with the Wind watatu, kwenye filamu mmoja. Kitabu ni kitabu na filamu ni filamu. Akaongeza kwamba badiliko dogo la mwanzo huzaa makubwa mbele ya safari, na kwamba tamthilia ilikuwa imeshafika huko.

Na yeye si kwamba hajawahi kumgeuza Sansa. Barua aliyoiandika mwaka 1993 kueleza hadithi anayotaka kuiandika, iliyokuja kuonekana hadharani mwaka 2015, inasema Sansa ataolewa na Joffrey, atamzalia mtoto wa kiume, na atachagua kusimama na mume na mwana dhidi ya ndugu zake. Alipokaa kuandika, binti akakataa njia hiyo.

Jeyne kwenye barua ile hayumo. Alikuja baadaye, alipohitajika mtu wa kukaa karibu na Sansa na kucheka naye. Mara ya mwisho kuonekana katika kitabu kilichochapishwa, Theon ameruka naye kutoka ukutani kwenye rundo la theluji, na wamefikishwa kambini kwa Stannis, mdai kiti cha enzi anayepigana na akina Bolton, ncha ya pua yake imekuwa nyeusi kwa baridi. Theon, aliyepitia kitabu kizima chini ya vichwa vya sura vyenye majina ya kubandikwa, hatimaye ana sura yenye jina lake, na pale kambini anawaambia watu yeye ni nani: mtu lazima ajue jina lake. Msichana aliye ubavuni mwake bado anaitwa Arya Stark.